Neno "Fair" la Kiingereza: Uzuri, Weupe na Haki

Mwanafunzi afunguaye kamusi ya Kiingereza kutafuta neno "fair" hupata majibu mengi kuliko aliyoyataka. Huambiwa kwamba maana yake ni -zuri. Tena ni mwenye ngozi au nywele za rangi nyepesi. Tena ni -a haki, isiyo na upendeleo. Tena ni hali ya kadiri, si njema sana wala si mbaya. Tena ni anga lisilo na mawingu. Tena ni mwandiko uliosafishwa usio na mafutofuto. Na mwisho huambiwa kuwa ni soko kubwa au maonyesho. Herufi nne zimetwikwa mzigo wa ngamia. Mwalimu mwenye haraka humshauri achague maana inayoelekea sentensi yake, kisha aendelee mbele. Shauri hilo latosha kwa mtihani. Kwa fasihi na kwa sheria halitoshi hata kidogo, maana neno likiwa na maana nyingi, maana hizo hazikai kila moja katika chumba chake na mlango ukafungwa. Hutembeleana, huazimana vyombo, na mara nyingine moja huingia mahali isikoalikwa.

Kwanza yafaa kuliondoa soko, kwa sababu si la ukoo huu. "Fair" la soko lilitoka katika Kilatini, "feriae", yaani siku za sikukuu, likapitia Kifaransa cha zamani hata likafika Uingereza. Watu walikusanyika siku ya mtakatifu fulani kusali, na penye watu wengi hapakosi wachuuzi. Soko la Bartholomew mjini London lilianza mwaka 1133 na kukomeshwa mwaka 1855, na Ben Jonson alilifanyia mchezo wa kuchekesha mwaka 1614. Asili hiyo hiyo ndiyo iliyowapa Wareno "feira", neno walitumialo hata leo kuhesabia siku za juma. Kiswahili hakina sababu ya kuchanganyikiwa hapa: kina gulio, kina mnada, kina maonyesho. Kufanana kwa sauti za maneno haya mawili ya Kiingereza ni ajali tu, nayo haina zaidi ya kusimuliwa.

Lile la pili ndilo lenye matata. Katika Kiingereza cha kale liliandikwa "fæger", na lilisemwa juu ya kitu chochote kipendezacho: nchi, maneno, mwili, jengo, siku. Lina ndugu katika lugha za jamaa yake, na ndugu wa kutazamwa zaidi ni "fagrs" la Kigothi. Katika tafsiri ya Injili iliyofanywa na Wulfila katika karne ya 4, neno hilo limetumiwa katika Luka 14:35, pale panaposemwa juu ya chumvi iliyoharibika kuwa haifai kitu. Basi kwa Wagothi neno hili lilikuwa na maana ya -a kufaa. Mwanafunzi asidanganywe na sauti: "fair" na "faa" hayana udugu wowote, na mtu awezaye kuyaunganisha kwa sababu yanalingana mdomoni ataweza kuunganisha chochote na chochote. Lakini maana ile ya Kigothi ni ya kushikwa, kwa sababu yaonyesha kwamba mwanzoni neno lilisifu kitu kwa kuwa mahali pake na kutimiza kazi yake. Rangi haikuwamo.

Kwa kweli Kiingereza cha kale kilikuwa na maneno mengine ya weupe na mwanga, na moja lao ni kichekesho. "Blāc", kwa irabu ndefu, lilikuwa na maana ya -eupe au -enye kung'aa. "Blæc", kwa irabu fupi, lilikuwa -eusi. Waandishi wa zamani hawakuwa na desturi ya kuziandika irabu ndefu kwa alama, na wasomi wa leo mara nyingine hubaki wakijiuliza ni lipi lililokusudiwa. Lugha ambayo baadaye ilifanya uadui mkubwa hivyo baina ya rangi mbili, zamani iliyaweka majina yake karibu hivyo.

Adui wa asili wa "fair" hakuwa "black" bali "foul", lenye maana ya -a kuoza, -a kunuka, -chafu. Jozi hiyo ndiyo iliyoliongoza neno kutoka uzuri hata haki. Kisichooza ni safi. Kilicho safi hakina waa. Mwamuzi asiye na waa hana upendeleo. Kufika karne ya 14 neno lilikuwa limekwisha kusemwa juu ya mwenendo na hukumu. Hatua hizo ni za kawaida, na lugha nyingi zimezipita. Hatua ya rangi ilikuja baadaye, katikati ya karne ya 16, neno lilipoanza kutumiwa waziwazi kumtenga mwenye ngozi na nywele za rangi nyepesi na mwenye ngozi na nywele nyeusi. Tangu hapo jozi ya pili ilisimama kando ya ile ya kwanza. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake mwaka 1755 aliweka uzuri kuwa maana ya kwanza, na papo hapo akafuatisha maana ya pili kwa kusema mtu asiye mweusi. Hakuona haja ya kueleza ni kwa nini maana hizo mbili zilikaa jirani. Kwake na kwa wasomaji wake ujirani huo haukuwa jambo la kushangaza.

Wasomi wawili wa Kiingereza, William Empson mwaka 1951 na C. S. Lewis mwaka 1960, walitoa vitabu vizima juu ya maneno machache yenye maana nyingi. Empson aliandika kwa ufundi mkubwa juu ya "honest" katika Othello. Lewis aliandika juu ya "free", "sad", "wit" na mengine. "Fair" halikupewa sura na yeyote kati yao. Kwa Lewis huenda si kitu. Kwa Empson ni pengo lisilosameheka kwa urahisi, maana katika mchezo ule ule alioushika mkononi, neno "fair" lafanya kazi isiyo ndogo kuliko "honest", na lamwumiza Othello kwa njia ambayo hata Iago hahitaji kuipanga.

Othello, mchezo ulioandikwa karibu na mwaka 1603 na kupigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1622, ni habari ya jemadari Mwafrika atumikiaye dola ya Venisi. Katika sehemu ya kwanza mtawala wa Venisi ajaribu kumtuliza Brabantio, baba yake Desdemona, kwa kumsifu mkwewe mpya. Sifa yenyewe aijenga kwa kulipinganisha neno "fair" na weusi. Mzee yule akusudia wema; lakini hana chombo cha kumsifu Othello isipokuwa kwa kumtoa kwanza katika rangi yake. Katika sehemu ya pili Iago atunga mashairi ya mzaha juu ya wanawake, na kila kipande chaanza na swali kama mwanamke ni "fair" au ni "black" au ni "foul". Desdemona acheka kidogo na kukemea kidogo. Hapo mtazamaji asikia jozi zote mbili, ya uchafu na ya rangi, zikichezewa kama kete za bao moja.

Halafu yafuata maumivu. Othello afikapo Kipro amwita mkewe shujaa, naye atanguliza neno "fair". Baada ya sumu ya Iago kuingia amwita shetani, naye neno hilo hilo bado analitanguliza. Baadaye amfananisha na karatasi ambayo mtu ameandika juu yake tusi la kahaba, na karatasi hiyo nayo ni "fair": ni nzuri, ni safi, ni nyeupe, yote matatu kwa mara moja, wala hakuna awezaye kuyatenga. Na asemapo juu ya jina lililopakwa masizi, rangi anayoitaja ni ya uso wake mwenyewe. Hili ndilo jambo lenye uzito kuliko yote katika mchezo ule kwa msomaji wa Afrika. Othello amejifunza lugha ya Venisi vizuri kuliko wenyeji wengi. Asema kwa fahari na kwa madaha. Lakini pamoja na lugha hiyo amepokea mizani yake, na mizani hiyo imemhukumu tangu kabla hajafungua kinywa. Iago amtia shaka juu ya mkewe. Lugha yamtia shaka juu ya nafsi yake.

Mshairi mwenyewe hakuwa mjinga wa jambo hili. Katika shairi la 127 la mkusanyo wake wa mwaka 1609 alilisema waziwazi: kwamba zamani weusi haukuhesabiwa kuwa "fair". Alikuwa akimsifu mwanamke mwenye macho meusi, na akaona kuwa hawezi kumsifu bila kwanza kuieleza historia ya neno. Sifa inayohitaji utetezi kabla ya kutolewa si sifa kamili. Hata hivyo ni afadhali kuliko ile ya mtawala wa Venisi.

Mfasiri wa Kiswahili akutanaye na neno hili hujikuta njia panda, kwa kuwa Kiswahili kimezigawa maana hizo kwa maneno yasiyofanana: -zuri, -eupe, haki. Katika Mabepari wa Venisi, jina alilolitumia Julius Nyerere kwa tafsiri yake ya mwaka 1969, yupo mwana wa mfalme wa Moroko ajaye kumposa Portia. Aanza kwa kuomba asichukiwe kwa rangi yake. Portia amjibu kwa adabu kwamba machoni pake yeye ni "fair" sawa na mchumba mwingine yeyote aliyepata kuja. Mtazamaji anajua tayari kwamba wachumba wale wengine wote Portia amewacheka mmoja mmoja, na kwamba juu ya huyu wa Moroko amekwisha kutoa neno baya la rangi na shetani kabla hajamwona. Jibu lile, basi, lina makali mawili: laahidi nafasi ya sawa, na chini yake lacheka. Mfasiri akisema "una nafasi sawa", atapata adabu na kupoteza kicheko. Akisema "u mzuri", atamfanya Portia mwongo mtupu. Akisema "u mweupe", atamfanya mtu mshenzi, jambo ambalo Portia siye. Ukatili wake ni wa kistaarabu.

Huenda "safi" lingesaidia. Laweza kusemwa juu ya maji, nguo, nia, na juu ya mambo yaliyokwenda vyema. Tena laweza kutamkwa kwa uso mkavu na kuacha mashaka nyuma yake. Halina rangi ndani yake, ni kweli, lakini likiwekwa mbele ya mtu ambaye ndiyo kwanza ametaja rangi yake, rangi hujiingiza yenyewe. Wapo watakaobisha. Ubishi wao utafaa zaidi ukija na neno jingine mkononi.

Wala Kiswahili kisijione mtakatifu katika jambo hili. Mtu asiye na kinyongo husemwa kuwa ana moyo mweupe, na hapo weupe ni sifa ya tabia kama kwa Waingereza. Lakini neno lenyewe halikwenda njia moja tu: mtu asiyejua kitu katika somo lake huambiwa kuwa ni mweupe kabisa, yaani hana chochote kichwani. Lugha iliyoweza kuufanya weupe uwe ishara ya usafi na ya utupu pia imejiachia nafasi ya kupumua. Katika Kiingereza nafasi hiyo ni finyu zaidi, na ufinyu wake umetoka nje ya vitabu hata ukafika madukani. Mwaka 1975 kampuni ya Hindustan Lever ilianza kuuza nchini India mafuta ya kupaka yaitwayo Fair & Lovely, kwa ahadi ya kuifanya ngozi iwe nyepesi. Katika Kiingereza cha India "fair" lilikuwa limekwisha kuwa neno la matangazo ya ndoa, ambamo familia humtafutia kijana wao mchumba wa rangi hiyo. Mwaka 2020, baada ya lawama nyingi, mafuta hayo yalibadilishwa jina yakaitwa Glow & Lovely. Neno liliondolewa juu ya chombo, na mafuta yakabaki ndani. Afrika ya Mashariki mambo hayo yana jina lisilo na urembo, mkorogo, na Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Mkorogo ni neno la kweli kuliko yale mawili ya Kiingereza: lasema vitu vimekorogwa, basi.

Katika michezo neno hili limeleta habari nyingine. Adui wake "foul" ameingia katika Kiswahili akawa faulo, na hapana mtoto wa mitaani asiyemjua. "Fair" lenyewe limechelewa. Vijana wa mijini husikika wakisema "si fea" wapunjwapo, lakini katika magazeti na redio mchezo usio na hila huitwa mchezo wa kiungwana. Tafsiri hiyo ni nzuri masikioni, nayo ina historia yake. Muungwana wa zamani alikuwa mtu aliyezaliwa huru, asiye mtumwa. Uungwana ulikuwa daraja kabla haujawa tabia. Hapa Lewis ni msaada mkubwa, maana alionyesha kwamba katika lugha za Ulaya maneno ya daraja hugeuka kuwa maneno ya tabia, na kwamba "villain", lililokuwa mkulima wa shamba la bwana, likawa mtu mwovu. Kiswahili kimepita njia ile ile. Waingereza walipotaka kuutaja mchezo wa haki walichukua neno ambalo baadaye liliingiwa na rangi ya ngozi. Waswahili walichukua neno lililokuwa na utumwa nyuma yake. Anayelicheka neno la mwenzake na aliangalie lake.

Tena si kila mchezo uitwao hivyo ni wa haki. Katika Tufani ya Shakespeare, mchezo uliochezwa mbele ya mfalme mwaka 1611, Miranda na Ferdinand wanacheza sataranji. Miranda amshitaki mwenzake kwa kumdanganya, kisha kwa mapenzi asema kwamba hata kama angeshindania falme, yeye angeuita huo mchezo wa haki. Maneno matamu ya wachumba. Lakini yasemwa katika kisiwa ambacho Caliban hudai kuwa alinyang'anywa na baba yake Miranda, na mbele ya watu ambao falme wamekwisha kuzishindania kwa hila. Wahakiki wengi hupapita mahali hapo upesi ili wafikie msamaha wa Prospero. Ni haraka isiyo na faida.

Lakini mahali neno hili linapodai jibu kwa ukali zaidi ni sheria na falsafa. Mwaka 1958 John Rawls wa Marekani alitoa makala yenye hoja kwamba haki ielezwe kwa "fairness", na mwaka 1971 akaikuza kuwa kitabu kikubwa. Wajerumani wameliazima neno hilo lilivyo. Anna Wierzbicka, katika kitabu cha mwaka 2006 juu ya Kiingereza na utamaduni wake, alidai kuwa wazo hilo ni la Kiingereza hasa na kwamba lugha nyingine hazina neno linalolingana nalo. Kwa Kiswahili dai hilo laonekana kweli mara mtu ajaribupo kufasiri jina la hoja ya Rawls kwa neno lililozoeleka: haki itaelezwa kwa haki, na falsafa nzima itakuwa imekwisha kabla ya kuanza.

Walakini Kiswahili kina neno insafu, lililosahauliwa na wengi. Limetoka katika Kiarabu, na mzizi wake ndio uliotoa nusu. Mwenye insafu, kwa asili ya neno, ni yule ampaye mwenzake nusu yake. Na adili, lililotoka huko huko, ni jamaa ya neno la Kiarabu la mzigo wa upande mmoja wa mnyama, unaolingana na ule wa upande wa pili ili safari isipinduke. Katika maneno haya mawili hamna uzuri, hamna rangi, hamna daraja la kuzaliwa. Mna watu wawili na kitu kimoja kilicho baina yao. Hilo ndilo hasa Rawls alilolitafuta, na "haki kama insafu" ni maneno ambayo mwanafunzi wa Dodoma au Mombasa aweza kuyajadili bila kuazima. Wierzbicka hakukosea kusema kwamba neno la Kiingereza halina pacha. Lakini kutokuwa na pacha hakuthibitishi kutokuwa na mwenzi bora.

Sheria za Tanzania zimechagua njia nyingine. Ibara ya 13 ya Katiba ya mwaka 1977, katika sehemu ya haki za msingi iliyoingizwa mwaka 1984, humpa mtu haki ya kusikilizwa "kwa ukamilifu" na mahakama au chombo kingine; maandishi ya Kiingereza mahali hapo yana "fair". Maneno haya mawili hayasemi jambo moja. Mtu aweza kusikilizwa kwa ukamilifu, neno lake la kwanza hata la mwisho, na hakimu aliyekwisha kula upande. Na aweza kusikilizwa na hakimu asiye na upendeleo ambaye humkatiza kila mara kwa sababu ya saa. Ukamilifu humlinda mshitakiwa asikatizwe, jambo ambalo Kiingereza hakilitaji. Hauzuii upendeleo, jambo ambalo Kiingereza hulitaji. Kwa miaka mingi tofauti hiyo ilikuwa ya wasomi tu, kwa kuwa kumbukumbu za mahakama za juu ziliandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Tangu hapo wakili asimamaye kumtetea mtu aliyehukumiwa na mwenye upendeleo hawezi tena kuegemea neno la Kiingereza lililo nyuma ya pazia. Ni lazima aonyeshe kwamba usikilizaji wenye upendeleo una kasoro, na kwa hiyo haukukamilika. Hoja hiyo yawezekana, nayo ni nzuri. Lakini ni hoja, si maana ya neno, na insafu ingemwondolea nusu ya kazi.

Imebaki maana ile ya kadiri, inayoandikwa na walimu pembeni mwa kazi za wanafunzi wasio hodari wala wajinga. Ni ajabu kwamba neno la uzuri likaanguka hata hapo. Sababu yake ni adabu: sifa itolewayo kwa kila mtu hupungua thamani kama fedha iliyopigwa kwa wingi. Kabla ya kuanguka lilikuwa juu kabisa. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa pamba wa Liverpool walipanga pamba ya Marekani kwa madaraja, wakitazama rangi yake, usafi wake na namna ilivyochambuliwa, na daraja la juu liliitwa "fair", ile ya katikati ikaitwa "middling". Hata mwaka 1865 sehemu kubwa ya pamba hiyo ilikuwa imechumwa na watumwa. Jina la daraja liliandikwa katika barua za bei. Majina ya wachumaji hayakuandikwa.